Mkono Unaandikwaje

Nilianza na redio.
Ilikaa uchi juu ya kabati, nikaivika.
Kisha runinga, kisha friji, kisha mtungi wa maji,
kisha mkono wa kochi ulioparuliwa na paka.
Shomvi akasema, "Mke wangu, nikizidi kukaa hapa
hata mimi utanifumia."
Nikacheka. Sindano ikaenda, ikarudi,
ingiza, zungusha, vuta,
vidole vikijua njia
kama mtu aendaye chooni usiku bila taa.

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu.
Wengine wana tamthilia, wengine wana maneno ya watu.
Mimi uzi mweupe, kibaraza cha Tabata Kimanga,
miguu juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa.

Siku moja Mama Nkwabi akaja kuazima sufuria.
Akashika kitambaa cha nyota, akakigeuza nyuma
(anayeijua kazi huanzia nyuma),
akauliza: "Shilingi ngapi?"

Mimi huyu niliyebishana na muuza dagaa
mpaka akafunika tenga lake,
ulimi ulinikwama kama fundo la uzi uliolowa.
Bei ya jioni zangu?
Nikasema, "Aa, jirani, toa chochote."
Akatoa chochote.
Elfu mbili, imekunjwa mara nne.
Uzi peke yake Kariakoo ni elfu tatu na mia tano.

Salha yuko kidato cha tatu, anasoma biashara.
Alifungua daftari, akaandika UZI, akaandika NAULI,
akaandika UMEME, maana usiku pia nafuma.
Akainua kalamu.
"Na mkono, mama? Mkono unaandikwaje?"
Nje muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe.
Sikuwa na jibu.
Nani huhesabu muda wa kucheka?
Akaniwekea simu pembeni ihesabu yenyewe:
masaa tisa na dakika kumi, nyota moja,
ukiondoa muda wa kuokoa wali ulioungua.

Mama Nkwabi aliporudi nilikuwa nimefanya mazoezi
mbele ya kioo, kama mtu anayejifunza kutukana.
"Elfu kumi na nane."
"Hee! Kwani dhahabu?"
"Si dhahabu. Ni Jumanne, Jumatano
na nusu ya Alhamisi."
Akaondoka, hata sufuria hakuazima.
Magharibi huyo tena mlangoni,
kumi na tano mkononi, tatu mdomoni.

Basi zikaja oda.
Bibi harusi wa Segerea, seti nzima, rangi ya maziwa.
Kitambaa cha altare, na mimi mwana wa madrasa
nikafuma misalaba kumi na miwili,
nikiomba Mungu nisikosee hesabu.
Wakaja na wale wa "nitakutumia mwisho wa mwezi";
mjini hapa mwezi una miisho mingi.
Joto likaja, mkono ukatoka jasho,
na uzi mweupe hausamehe:
nikafumua mistari minane kwa doa
ambalo bibi harusi asingeliona.
Mimi ningeliona.

Redio iko uchi tena.
Mteja alikipenda kile kile, akakivua mwenyewe.
Friji nalo nimeliuza nguo.
Mkono wa kochi umerudi kuonyesha makucha ya paka
na kiuno changu saa sita usiku kinalia kama bawaba.
Siku nyingine naitazama sindano
naona inanitazama kama bosi.

Jana Shomvi alikaa pale, akapapasa mbao,
akasema polepole, si kwa mzaha wa zamani:
"Na mimi je? Bado hujanifumia."

Nikazima simu ile inayohesabu.
Nikachukua uzi wa kijani uliobaki, nikaanza kofia
bila kipimo, kichwa chake nakijua.
Nikamwambia Salha, "Hii usiiandike."

Asubuhi nimefungua daftari kutafuta deni la Segerea.
Chini kabisa, kwa penseli, mwandiko mdogo:
*Baba. Kofia moja. Anadaiwa.*